Ombi la Kuhamishiwa Kundi la Matajiri, kwa Sababu Umaskini Umenishinda Gharama

Polikarp Mbawala,
Muuza dagaa (kwa sasa bila baiskeli),
Mtaa wa Nyuma ya Kanisa,
Kata ya Lihumbe, Songea.
16 Novemba 1998

Ndugu Mtendaji wa Kata,

Salamu zitangulie, madai yafuate nyuma, kama adabu inavyotaka. Mimi sijambo, mke wangu hajambo kwa kiasi chake, na mgambo wako nimewaona leo asubuhi, wote wana afya njema.

Mimi ndiye yule mzee wa dagaa wa Nyasa niliyekuwa napita mbele ya ofisi yako kila siku nikipiga kengele, nikienda Ruhuwiko na kurudi kwa njia ya Bombambili. Kama umeona kimya siku hizi, usidhani dagaa wameisha ziwani. Baiskeli yangu iko kwenye stoo yako tangu Jumatano ya tarehe 7 Oktoba, imefungwa mnyororo mmoja na cherehani ya mtu na mlango wa mtu, kwa kosa langu la kutolipa kodi ya maendeleo. Baiskeli hiyo siku tano inabeba dagaa, na kila Alhamisi inambeba mke wangu, Kunegunda, kwenda hospitali kusafishwa kidonda cha mguu. Ana sukari. Nakutajia mapema ili usije ukasema sikusema.

Siandiki kukataa kosa. Kosa ninalo. Naandika kuomba kwa unyenyekevu kwamba kuanzia mwaka ujao wa fedha, au kesho kama karani ana nafasi, ofisi yako initoe kwenye kundi la maskini, ambalo nimelitumikia kwa uaminifu tangu nizaliwe, iniingize kwenye kundi la matajiri. Sioni wivu, wala sina tamaa ya gari. Ni suala la gharama tu. Umaskini nimeujaribu miaka hamsini na mitatu, na sasa bei yake imenizidi. Sababu zangu nimezipa namba, maana nilikuwa karani wa mizani, na karani halalamiki ovyo.

1. Kodi yenyewe. Jirani yangu Kajetani Ndomba, ambaye unamfahamu kwa sababu ulikula Pasaka kwake, ana malori mawili, mashine ya kupasua mbao na nyumba ya wageni ya vyumba kumi na vinne. Mwezi wa tatu alilipa kodi ya maendeleo, kiasi kile kile ninachodaiwa mimi, bila kupungua wala kuzidi. Hakwenda mwenyewe, alimtuma mlinzi, na mlinzi akapitia dukani akanunua sigara kwa chenji. Kwa Kajetani kodi ile ni kreti la bia, tena si la wageni wakubwa. Kwangu ni dagaa wa siku kumi na nane, mradi katika siku hizo tusile, tusifue na Kunegunda asiumwe. Mlitufafanulia mkutanoni kwamba wananchi wote ni sawa na ndiyo maana kodi ni sawa. Nilikubali na bado nakubali. Ila nimegundua kwamba mzigo ule ule ukibebwa na tajiri unakuwa mwepesi. Kwa hiyo, kama mzigo hampunguzi, nipeni basi mabega.

2. Uwekezaji. Mashine ya mbao ya Ndugu Kajetani imesamehewa ushuru kwa miaka mitano kwa sababu yeye ni mwekezaji. Ilipotangazwa tulipiga makofi, na mimi nilipiga mpaka viganja vikaniwasha. Baadaye nilimuuliza katibu wako kuwekeza maana yake nini, akanijibu kwa upole kwamba ni kuleta mtaji na kuutumia kuzalisha. Nikaenda nyumbani nikatafakari. Baiskeli ile niliileta mimi. Nimeitumia kuzalisha. Tena mashine ya Kajetani imeundwa na fundi wa Makambako, lakini baiskeli yangu imeandikwa wazi kwenye fremu kwamba imetoka China. Ndugu Mtendaji, mmekamata mtaji wa kigeni mkaufunga mnyororo. Mimi nimenyamaza kwa ajili ya kulinda jina la wilaya yetu, lakini sijui Wachina wakisikia watatuelewaje.

3. Akiba ya uzeeni. Miaka kumi na mmoja nilipima tumbaku kwenye ghala moja la ushirika ambalo sitalitaja, kwa kuwa limeshakufa na sipendi kuwasema marehemu. Kila mwezi walinikata mshahara wakasema ni akiba yangu ya uzeeni. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaingia, ghala likafungwa, nasi tukapunguzwa. Nikaenda kuulizia akiba. Wakanijibu kwamba kukatwa nilikatwa kweli, hilo halina ubishi, ila kilichokatwa hakikufika kilikotakiwa kufika. Walinitunzia vizuri mno, hata wao hawakumbuki walikoweka. Wapagazi wa Kajetani wao hawakatwi kitu, maana amewaandika vibarua wa siku moja, na siku hiyo moja inaingia mwaka wa saba sasa. Tutazeeka pamoja, wao bila kukatwa, mimi baada ya kukatwa, na tutapata sawasawa. Kwa kweli hapo ndipo pekee nilipouona usawa kwa macho yangu.

4. Ibada. Hili naomba lisifike kwa Paroko.

Mwezi wa nane, msako wa kodi ulipopamba moto, mgambo walikuwa wakitushtukiza milangoni kabla hata ya chai. Sisi wanaume wa mtaa tukagundua kwamba mgambo hawaingii kanisani. Mkubwa wao, Joachim, ni mwanakwaya, na anamwogopa Paroko kuliko anavyokuogopa wewe, unisamehe. Basi tukaanza kuhudhuria misa ya asubuhi. Jumatatu tulikuwa sita. Jumatano benchi zilijaa. Hata rafiki yangu Iddi, muuza korosho kutoka Tunduru, alikuja, kofia ameikunja mfukoni, akakaa nyuma karibu na nguzo akimwomba Mola wake kimyakimya. Alisema Mwenyezi Mungu anajua vizuri nani anamkimbilia na nani anamkimbia nani.

Paroko alitokwa machozi. Miaka kumi na tisa misa ya asubuhi ilikuwa ya akina mama wanane na katekista, na leo wanaume wamefika mpaka mlangoni, wanapiga magoti, na baraka ikishatolewa hawataki kutoka. Akahubiri kwamba Roho ameshuka Lihumbe. Ijumaa akatuundia chama cha wanaume, akatugawia kadi za zaka, akatupangia mchango wa kengele na mchango wa bati za kigango. Nani angekataa, na huku tunawaona mgambo dirishani wamekaa juu ya ukuta wanatafuna miwa? Iddi ana kadi namba 37 na amelipa mpaka Desemba, kwa kuwa hapendi kuacha neno kwa watu wa dini yoyote. Nilipojumlisha vyote nikaona nimeshapita kile kiasi cha kodi nilichokuwa nakikimbia. Asubuhi zote hizo Ndugu Kajetani alikuwa amelala kwake, mlango wazi, stakabadhi ukutani.

5. Cheti cha umaskini. Siku hizi hospitali tunachangia. Sipingi, dawa haziokotwi. Ila tulitangaziwa kwamba maskini asiye na uwezo husamehewa, mradi alete barua ya kata inayothibitisha kwamba yeye ni maskini. Nilikuja. Orodha ya mahitaji ninayo hapa mezani: picha mbili za pasipoti, mashahidi wawili wenye kipato kinachoeleweka, maana ushahidi wa maskini juu ya umaskini haupokelewi, mchango wa karatasi na wino, mchango wa mapokezi ya wageni wa kata, na stakabadhi ya kodi ya maendeleo ya mwaka huu. Yaani ili nithibitishe kwamba siwezi kulipa, nithibitishe kwanza kwamba nimelipa. Nilikaa kwenye benchi lako la nje nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja akachukua kapu lake akanihama.

Daftari la waliopata vyeti nililisoma juu chini, kwa kuwa lilikuwa limemwelekea karani. Niliona jina la shangazi yake Kajetani, yule mwenye nyumba tatu za kupangisha Bombambili. Picha zake zimetoka vizuri sana. Sikumwonea kijicho, mama wa watu ametimiza masharti yote. Nilichojifunza ni kwamba umaskini wenye cheti ni wa watu wenye nafasi, na mimi niko kwenye ule wa kawaida. Basi nikawa namlipia Kunegunda hospitali kama wanavyolipa matajiri, bila barua. Kwa hiyo katika idara hiyo, Ndugu Mtendaji, uzoefu wa kazi ninao tayari.

6. Sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Kila nikinunua kuna kodi ndani yake, na mwenye duka haniulizi mimi ni nani. Naambiwa Ndugu Kajetani vyake huvinunua kwa jina la kampuni, kisha hurudishiwa kodi hiyo. Mimi sina kampuni, nina Kunegunda, na kwa jina lake hawarudishi kitu.

7. Hili nimejaribu mara mbili kuliandika kwa utani likanikatalia.

Ile Jumatano mgambo walinisimamisha njia panda, gunia la dagaa likiwa kwenye karia. Joachim mwenyewe ndiye aliyefungua kamba, na alipokuwa anafungua aliangalia pembeni, maana Kunegunda ndiye mama yake wa ubatizo. Nilimwambia, baba, kesho ni Alhamisi. Akasema, mzee shikamoo, mimi nimetumwa tu. Gunia nikajitwika, baiskeli ikaenda kwenu, nami nikaifuata mpaka mlangoni pa ofisi. Sasa kila wiki mnaongeza ada ya kuitunza juu ya deni. Sikuwaomba mnitunzie. Na bila baiskeli siwezi kuuza, na bila kuuza siwezi kulipa, na nisipolipa hamtoi baiskeli. Hata mimi niliyezoea mizani sijaona mahali pa kuanzia.

Alhamisi sita zimepita. Mbili jirani alitusaidia kwa baiskeli yake. Nne Kunegunda amekaa nyumbani, nami nimemfunga kwa kitambaa nilichokichemsha mwenyewe. Kidonda kilikuwa kimeanza kuziba, kulikuwa na nyama nyekundu nzuri pembeni, muuguzi alituonyesha tukafurahi. Sasa kimefunguka upya. Harufu yake Kunegunda anaificha kwa mchaichai, akidhani sijui mchaichai wote umekwenda wapi. Daktari alishataja habari ya kukata, akaitaja kwa Kiingereza ili asimtishe mgonjwa, ila mimi nilielewa. Naogopa, Ndugu Mtendaji. Sina namna nyingine ya kuliandika hilo.

8. Najua utajibu kwamba haiwezekani kupima kila mtu uwezo wake, kazi itakuwa kubwa, watu watadanganya. Mwaka jana alipofariki Mzee Daimu, hapa mtaani hatukuwa na afisa wala fomu. Kajetani alitoa lori na magunia mawili ya mahindi. Mimi nilitoa dagaa. Mjane Ashura alitoa mzigo wa kuni na sauti yake ya kuimba. Hakuna aliyesema wote watoe lori, wala wote watoe kuni, na hakuna aliyemfungia Ashura kinu chake stoo kwa kuwa kuni zake hazikufika bei ya mahindi. Watu walikula, wakazika, wakaondoka. Kijana mwenye kalamu alikuwepo, akaandika majina tu. Kama Kajetani angeleta kuni, wanawake wangemwimba mpaka leo, na yeye alijua hivyo. Sijui kwa nini jambo ambalo tunaliweza tukiwa tunalia linatushinda tukiwa ofisini.

Lakini sikuja kufundisha serikali. Kwa kuwa utaratibu hauwezi kubadilika, naomba nibadilike mimi.

Naomba utajiri wa daraja la chini, hata la majaribio, miezi mitatu. Kitambi sina, ila koti ninalo, lilikuwa la ghala. Malori sihitaji. Nahitaji vile vitu vya kisheria tu: nisamehewe miaka mitano kama wawekezaji wenzangu, kodi niilipe kwa kumtuma mtu, siku za msako nilale, shangazi yangu apewe cheti, na kama sina shangazi aliye hai basi nipewe mwenyewe, na watakaonisaidia kubeba dagaa niruhusiwe kuwaandika vibarua wa siku moja. Nikishindwa mtihani wa utajiri ndani ya miezi hiyo, nirudisheni nilikokuwa, nafasi yangu najua haitachukuliwa na mtu.

Hatua ya kwanza ya uhamisho huo iwe kuitoa baiskeli kabla ya Alhamisi. Haipendezi mwekezaji kumbeba mkewe mgongoni.

Nisalimie mama watoto wako, na katibu, na karani wa daftari, na yule paka wa ofisi ambaye nimeona amenenepa tangu siku ile ya gunia, maana lilitoboka kidogo hapo mlangoni. Msalimie Joachim, mwambie mama yake wa ubatizo hana kinyongo naye. Nakutakia makusanyo mema.

Mimi katika kulipa taifa,

P. Mbawala
(karani mstaafu bila mafao)

Nakala: Padre Paroko, ila ukurasa wa sababu ya 4 nimeuondoa.

NYONGEZA, Ijumaa tarehe 20 Novemba.

Ndugu Mtendaji, barua hii ilichelewa kwa kukosa wa kuileta, na sasa naomba isishughulikiwe. Sababu zote namba 1 hadi 6 nazifuta, na la msibani ulisome kama hadithi tu.

Jumatano jioni Ndugu Kajetani alisikia habari ya mguu wa Kunegunda. Alipanda gari, akaja kwako, akalipa kodi yangu yote na ada ya stoo, na hata mnyororo akaulipia. Nililia mbele yake kama mtoto. Mtu wa namna hii msimguse kwa kodi yoyote, angetoa wapi cha kutusaidia?

Stakabadhi imeandikwa jina lake, kwa kuwa karani wako anasema huandikwa aliyelipa. Na baiskeli imetolewa kwa mwenye stakabadhi. Kajetani si mchoyo, amenikodishia. Siku za dagaa nalipa kamili, Alhamisi nusu bei, kwa ajili ya ugonjwa, na ametaka nilipe asubuhi kabla ya kutoka. Upande wa kodi, kwa jina langu bado sijalipa, na Joachim amenidokeza kwamba Jumatatu watapita. Hawatakuta kitu cha kuchukua. Kwa hiyo badala ya ombi la juu naomba lile la zamani la cheti cha umaskini, nadhani sasa vigezo nimevifikia.

Kunegunda amekataa kuipanda. Nilimbembeleza, nikamwambia ni ile ile, mto wako uko pale pale kwenye karia. Akasema si ile. Jana ametoka nyumbani kwa miguu na fimbo, anapumzika kila nguzo ya umeme, na mimi niko nyuma yake nasukuma baiskeli tupu mpaka hospitali, kwa sababu Alhamisi ile nilikuwa nimeshailipia.